Majani Niliyoyatoa Ukingoni mwa Ziwa

Kabla hamjaniuliza habari za dawa, vijana wangu, nionyesheni kwanza mikono. Mwenye kucha safi akae nyuma, atasikia tu. Nimekuwa bibi shamba hapa Singida mpaka magoti yakakataa baiskeli, na kwa miaka yote hiyo swali nililoulizwa kuliko mengine ni moja: bustani ya nyumbani niifanyeje ili ivuke kiangazi? Wakati wa mvua hakuna anayekuja kuuliza. Wakati wa mvua kila mtu ni mtaalamu, hata mbuzi angeweza kulima mchicha.

Kiangazi chetu mnakijua. Mvua inakata, siku chache baadaye upepo wa mashariki unaanza kupiga milango, na ukifika mwezi wa sita baridi ya asubuhi inawafanya mnawe uso kwa kidole kimoja. Mboga za majani zinaadimika sokoni. Mwenye bustani iliyoandaliwa vizuri anakula na kugawa. Ambaye hakuandaa anakula ugali kwa maziwa mgando kila siku na kusema ndivyo apendavyo.

Maandalizi yenyewe si mengi, ila yana wakati wake. Tuta la mvua huinuliwa, tuta la kiangazi huzamishwa. Chimba kama jaluba dogo la mpunga, kina cha kiganja, uweke kingo pande zote, ili maji utakayomwaga yakae pale pale yanywewe na mzizi. Upande wa mashariki simamisha ua wa mabua ya mtama au uwele, uyafunge kwa kamba wakati bado upepo haujaanza, maana ukishaanza utafukuzana na mabua yako mpaka kwa jirani. Mbegu za mchicha zitangulie kabla ya baridi, kwa sababu mchicha ni kama mimi, baridi ikimkuta kitandani hainuki. Halafu tandaza majani makavu juu ya udongo usikauke. Hapo kwenye majani ndipo penye hadithi yangu, nitafika.

Na samadi iwe imeoza. Hilo nalijua kwa aibu. Nilipoanza kazi nilipelekwa kutunza nyanya za mkubwa mmoja pale mjini, nikazimwagia samadi iliyotoka zizini asubuhi ile ile, tena kwa wingi, nikitaka kusifiwa. Baada ya wiki zilikuwa zimeungua kama zimepitiwa na moto. Bosi wangu wa kwanza, Mzee Ntandu, hakunigombeza. Aliniita nyuma ya ofisi, akanishikisha samadi mbichi mkono wa kulia na samadi ya mwaka jana mkono wa kushoto.

"Ipi ina joto?" akaniuliza.

"Hii ya kulia, mzee."

"Kanawe. Kisha ukamwambie mwenye nyanya kuwa ni wewe."

Nilikwenda nikamwambia. Nilidhani somo lilikuwa la samadi, na nilikaa miaka mingi nikidhani hivyo.

Sasa niwapeleke kwenye zama za ruksa, wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Kabla ya hapo mbegu zilitoka ghala la serikali kwenye mifuko ya karatasi isiyo na picha, ukipata umepata. Ruksa ilipoingia, mwenye duka yeyote aliruhusiwa kuuza chochote, na mbegu zikaanza kukaa rafu moja na sabuni, sukari na viberiti, kwenye pakiti zenye picha za kabichi kubwa kuliko kichwa changu. Ofisini kwetu mambo yaligeuka. Pikipiki zilisimama kwa kukosa mafuta, wenzangu kadhaa walipunguzwa kazi, na sisi tuliobaki hatukuwa na mbegu wala dawa ya kumpa mtu. Tulibaki na mdomo. Na nisiwafiche, mimi niliona wivu. Watu waliokuwa wananifuata mimi sasa walimfuata Mzee Salimu, mwenye duka karibu na soko, ambaye baba yake alikuja Singida kuuza nguo na familia ikabaki. Alikuwa mtu mpole, mwenye utani mwingi, na hakuwa amenikosea lolote.

Katika miaka hiyo alinijia Mama Zawadi wa Utemini. Mumewe alikuwa fundi kwenye karakana ya shirika moja. Shirika likauzwa, mafundi wakapewa mkono wa kwaheri. Akaenda Shelui kupakia na kupakua malori, anatuma kidogo akipata. Mama Zawadi alibaki na binti yao Zawadi, aliyekuwa darasa la saba, pamoja na mama mkwe wake, Bibi Debora, Mgogo wa Kilimatinde.

Bibi Debora alikuwa amekuja kuwachukua. Alisema wazi, tena mbele ya wageni, kwamba mjini bila mshahara ni kukaa mbugani bila mkuki, na kwao Kilimatinde kuna nyumba na mashamba yanawasubiri. Mama Zawadi alimwomba muda. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mwezi wa tisa, na binti kumhamisha shule katikati ya mwaka ule ilikuwa ni kumpotezea mtihani. Wakakubaliana hivi: maadamu bustani ya nyuma ya nyumba inawalisha na kuwapatia cha kuuza, watakaa. Siku bustani itakaposhindwa, watafunga mizigo.

"Bibi Shamba," Mama Zawadi aliniambia akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yetu, "naomba unifikishe mwezi wa tisa. Basi."

"Nitakufikisha," nikasema. Sikusema nitajaribu, nilisema nitakufikisha.

Tulianza mvua zilipokuwa zinaaga. Eneo lilikuwa zuri, na kisima chao kilikuwa na maji matamu, bahati ambayo si kila nyumba ya mji huu inayo. Tukazamisha matuta sita. Tukasimamisha ua wa mabua. Samadi niliichagua mwenyewe, niliinusa na kuishika kama nilivyofundishwa. Mbegu za chainizi na mchicha Mama Zawadi alinunua kwa Mzee Salimu, mimi nikakunja uso.

Bibi Debora alitutazama akiwa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jiko. Yeye alikuwa na kazi yake. Tangu mvua zilipokolea alikuwa anachuma majani ya kunde, ya maboga na mlenda wa porini, anayaanika juu ya mkeka, yakikauka anayasokomeza kwenye gunia. Ilikuwa akiba ya kwenda nayo Kilimatinde, maana alikuwa na hakika wataondoka.

"Bibi," nilimtania, "siku hizi watu wanakula mboga mbichi mwaka mzima. Hayo majani kama tumbaku ni ya nani?"

"Ya mwenye njaa," akanijibu, akaendelea kugeuza majani yake.

Ikabaki kutandaza. Mwaka ule majani makavu yalikuwa shida. Ng'ombe na mbuzi walikuwa wameshakwangua kila kitu, na mabua tuliyokuwa nayo yalikuwa yamekwisha kwenye ua. Siku moja nikiwa napita na baiskeli kando ya ziwa, nikaona majani mafupi, makavu, yamesimama kwa wingi ukingoni, hayana mwenyewe. Nikasimama. Pembeni palikuwa na kundi la ng'ombe, na wale ng'ombe walikuwa wanaramba ardhi. Niliwaona kwa macho yangu haya wakiramba ardhi. Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, nimezaliwa zizini, najua ng'ombe anaramba ardhi kwa sababu gani, na kila mtoto wa Singida anajua maji ya ziwa lile yana ladha gani. Lakini kichwani nilikuwa nimeshahesabu magunia.

Tuliyang'oa pamoja na mizizi, mizizi ikiwa na madonge ya udongo, nikayabeba safari tatu kwa baiskeli. Tukatandaza kwa unene wa kifundo cha mguu. Bustani ilipendeza mpaka majirani walikuja kuchungulia, nami nikawaeleza kwa sauti ya mwalimu.

Kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri. Chainizi zilitoka, zikapanua majani mawili, matatu. Kisha ncha zikaanza kukauka, zikawa rangi ya ugoro. Nikasema maji hayatoshi, ongezeni. Wakaongeza, asubuhi na jioni, Zawadi akitoka shule anashika kamba ya kisima kabla ya kushika daftari. Majani yakazidi kuungua. Nikasema ni baridi. Nikasema ni wadudu, wakanyunyiza majivu. Mwishoni, nilipoishiwa na majina ya magonjwa, nikasema neno ambalo nalijutia mpaka leo.

"Ni mbegu. Hawa wafanyabiashara wanauza mbegu zilizolala."

Mama Zawadi alikuwa mtu wa taratibu, lakini hofu ilikuwa imemkaba. Alikwenda dukani kwa Mzee Salimu mchana, duka limejaa, akamwambia mbele ya wateja kuwa ni mwizi, anaua watoto wa watu. Mzee Salimu hakubishana. Alimpa pakiti nyingine bila malipo. Mbegu zile nazo ziliota zikafa zikiwa urefu wa ukucha, na habari zikaenea mtaa mzima kwamba mbegu za pale ni mbovu. Watu wakaacha kununua. Na mimi niliposikia hivyo, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Nyumbani kwa Mama Zawadi mizigo ikaanza kufungwa. Nilipokwenda siku hiyo nilikuta sufuria zimepangwa ndani ya sufuria, na magodoro yamekunjwa. Zawadi alinisalimia, "Shikamoo Bibi Shamba," akainamisha kichwa, akaingia ndani na kitabu chake. Nilipita moja kwa moja hadi bustanini. Bibi Debora alikuwa ameegemea fimbo kando ya tuta la kwanza.

"Mbukwa, bibi," nikamsalimia kwa Kigogo changu cha kuungaunga.

"Mbukwa," akaitikia, akacheka. Kisha akaelekeza fimbo kwenye tuta. "Haya majani uliyatoa wapi?"

"Ukingoni mwa ziwa."

Aliinama polepole, akaokota fungu la majani lenye mizizi, akavunja donge la udongo, akaliweka ulimini. Akafumba macho kama mtu anayekumbuka jina. Kisha akanipa mimi lililobaki.

"Onja."

Nikaonja. Sina haja ya kuwaeleza.

"Nilipokuwa msichana," akasema, "tulishuka bondeni chini ya Kilimatinde na mama zetu. Tunakwangua udongo mweupe, tunautia kwenye chungu kilichotobolewa chini, juu tunamwaga maji. Maji yanapita kwenye udongo, yanachukua chumvi, yanadondokea kwenye chombo cha chini. Hayo ndiyo tunayachemsha. Wewe umeweka udongo wa chumvi juu, ukamwaga maji asubuhi na jioni, na chini umeweka chombo kisichovuja." Akagonga ukingo wa jaluba langu kwa fimbo. "Mwanangu, hapa hamlimi. Hapa mnapika chumvi."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kitenge. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Matuta yangu ya kuzama, yale niliyojivunia, ndiyo yaliyoishika chumvi yote isiende popote. Na kila ndoo niliyoagiza iongezwe ilishusha chumvi nyingine hadi kwenye mizizi. Zawadi alikuwa amevuta kamba ile ya kisima kwa mikono yake kuua chakula chake mwenyewe, kwa sababu mimi nilimwambia.

Bibi aliacha kucheka ghafla. Niligeuka nikamwona Mama Zawadi amesimama na ndoo, amesikia.

Nilikuwa na njia ya kutokea. Ningesema chumvi ilichangia, lakini na mbegu nazo, na baridi nayo. Ofisini tulizoea kusema hivyo, ripoti zetu zilijaa sababu mbalimbali. Lakini nikamkumbuka Mzee Ntandu na samadi yake, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile hakunifundisha samadi.

"Mama Zawadi," nikasema, "si mbegu. Ni mimi."

"Nimemtukana mtu mzima mbele ya watu," akasema. Hakutaja njaa wala mtihani, alisema hilo tu, akaweka ndoo chini, akaingia ndani.

Nikabaki na Bibi Debora. Nikamuuliza kile kilichokuwa kinanitatiza, kwa nini alisema. Angenyamaza wiki moja tu, wangepanda basi naye, angepata alichokuja kutafuta.

"Nawataka nyumbani, ndiyo," akanijibu. "Lakini mtu aliyeshindwa ukimpeleka kwenu, anakaa kila siku ameangalia barabara. Nina mwana mmoja anayeangalia barabara Shelui. Inatosha."

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Mzee Salimu, nikachagua saa ya mchana duka likiwa limejaa, kwa sababu tusi lilitolewa mchana duka likiwa limejaa.

"Shikamoo, Mzee Salimu."

"Marahaba, Bibi Shamba. Umekuja kuzika mbegu zangu au kuzifufua?"

Nikasema yote kwa sauti: majani, ziwa, chumvi, na kwamba mbegu zake ni nzima. Alinisikiliza akiwa ameshika mizani. Nilipomaliza akasema, "Yule wa mlangoni hakusikia, hebu rudia." Nikarudia. Akaingia mteja mwingine, akasema, "Huyu naye amefika sasa hivi." Nikarudia tena. Mara ya nne duka zima lilikuwa linacheka, na mimi nacheka huku machozi yananitoka. Alinipa pakiti ya mchicha nimpelekee Mama Zawadi, na ujumbe kwamba aje kunywa chai na mkewe, ila asije na majani yangu.

Kuponya bustani kulikuwa kazi ya mgongo, na hii mnaweza kuiandika. Tulikusanya majani yote pamoja na udongo wa juu, kina cha vidole vinne, tukarundika nje ya ua. Tukabomoa ukingo wa kila tuta upande wa mteremko, tukamwaga maji matamu kwa wingi yapite na kutoka, siku nne mfululizo, ili chumvi iende zake. Majirani wale wale waliokuja kunisikiliza nikifundisha walikuja kuvuta maji, na walinitania vya kutosha. Tukatia samadi iliyooza. Nikaleta vikonyo vya sukuma wiki kutoka nyuma ya nyumba yangu, maana kikonyo kinawahi kuliko mbegu, tukasia na mchicha wa Mzee Salimu. Safari hii tulitandaza maganda ya karanga.

Lakini bustani haikui kwa majuto. Ilihitaji mwezi na zaidi kabla ya jani la kwanza la kula, na mwezi wa tisa ulikuwa haungoji. Siku ile tulipomaliza kupanda, Bibi Debora aliingia ndani, akatoka anaburuta gunia. Lile gunia la majani niliyoyaita tumbaku. Alilifungua mwenyewe, kamba ya safari akaitupa jikoni.

"Pika," akamwambia mkwewe. "Na mengine pima kwa bakuli, uwauzie hao wenye mboga mbichi mwaka mzima."

Hakunitazama aliposema hivyo, alikuwa na adabu.

Waliishi kwa gunia lile. Mlenda mkavu, majani ya kunde yaliyotiwa karanga, na bakuli kwa bakuli kwa majirani ambao hawakuwa na jani lolote kipindi kile cha baridi. Gunia lilipokaribia kwisha, sukuma wiki ikaanza kuchumwa. Asubuhi ya mtihani nilipita makusudi. Zawadi alikuwa anatoka na penseli mbili mkononi, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimekula, Bibi Shamba. Nimeshiba."

Siwaambii alifaulu au la, hilo muulizeni mwenyewe, anaishi hapa hapa mjini na ana bustani nzuri kuliko yangu. Mimi niliahidi kumfikisha mwezi wa tisa, na aliyemfikisha siye mimi.

Baada ya mtihani Bibi Debora aliaga. Mama Zawadi alimbembeleza abaki, akakataa, akasema mashamba hayajilimi, na kwamba mwakani atakuja tena kuwachukua. Nilimsindikiza stendi nikiwa nimebeba begi lake kwenye baiskeli. Gunia hakuwa nalo. Alikuwa anarudi Kilimatinde, kiangazi kikiwa kimekolea, wakati porini hakuna cha kuchuma, bila jani moja la akiba.

Basi lilipowasha injini alinishika mkono, akaniwekea kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge, kidogo kama yai. Nikafungua pale pale. Ilikuwa chumvi, ya rangi ya majivu, yenye mchanga mchanga. Alikuwa ameuchuja ule udongo tulioutupa nyuma ya ua, akauchemsha jikoni kimya kimya, kama mama yake alivyomfundisha.

"Mavuno yako, Bibi Shamba," akasema. "Nimeona si vizuri upande halafu usivune."

Nilirudi nyumbani, nikachuma sukuma wiki yangu, nikaipika, nikaitia chumvi ile. Ilikuwa chungu kidogo, na mchanga ulilia kwenye meno. Nililia na mimi, na sahani nikaimaliza.